Mama anatakiwa kuchukuliwa kinyama cha paja: sindano au kupasuliwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54, tunaishi Tandika, Dar es Salaam. Tangu Ramadhani iliyopita miguu imemwishia nguvu. Akisujudu hainuki mpaka ashikwe, daladala hapandi mpaka avutwe, na sasa hata kumsuka mjukuu mikono inachoka njiani. Mwanzo tuliambiwa ni ini, akatibiwa ini miezi mitatu. Baadaye kipimo cha damu cha CK, kile cha kuangalia misuli, kikatoka 6,200. Alikuwa anatumia atovastatini ya kolesteroli, akaachishwa miezi miwili iliyopita lakini hajapata nafuu. Wiki iliyopita alipimwa misuli kwa umeme, paja la kulia. Sasa daktari anataka achukuliwe kinyama. Hospitali moja wanasema watatumia sindano, nyingine wanasema lazima apasuliwe. Shangazi zangu wamegoma: wanasema kinyama ni kipimo cha kansa, na kansa ukiigusa na chuma inasambaa. Duka la dawa hapa mtaani wanatuambia aanze tu prednisoloni. Tufanyeje, na kipi bora kati ya sindano na kupasua?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole zimfikie bi mkubwa.

Nianze na lile la mwisho, maana ndilo jepesi. Sindano inafaa, kupasua kunafaa. Njia zote mbili zimetumika miaka mingi na kila moja ina mahali pake, nitaeleza hapo chini. Lakini mimi ni mtu wa patholojia, nakaa upande wa pili, pale kinyama kinapofikia. Ukiniuliza kwa nini mgonjwa mmoja anapata jibu na mwenzake anaambiwa "sampuli haikutosheleza", mara chache sana nitakutajia chombo kilichotumika kukata. Mimi nitauliza: kilipotoka pajani kiliwekwa kwenye nini, na nani alikuwa anakisubiri? Nenda na swali hilo kwenye hospitali zote mbili. Itakayokujibu bila kubabaika ndiyo ya kumpeleka mama.

Shangazi zako usiwalaumu. Hapa kwetu mtu akisikia "wamemchukua kinyama" anajua ni titi, ni shingo ya kizazi, ni tezi, na majibu yake yanasubiriwa kwa dua. Kwa mama yako hakuna uvimbe wa kansa unaotafutwa. Paja lenyewe halina kansa ya kusambazwa. Tunachotaka kuona ni jinsi nyuzi za msuli zinavyokufa, nani anaziua, na kwa mpangilio gani. Waeleze hivyo, tena wakiwa wamekaa pamoja, maana ukimwambia mmoja mmoja kila mtu ataondoka na lake.

Kuna ukweli mmoja ambao sitauficha, ili usije ukausikia kwa mtu mwingine ukadhani nimekuficha. Upo ugonjwa wa misuli na ngozi unaoitwa dematomayositisi, ambao kwa watu wazima wakati mwingine huambatana na kansa mahali pengine kabisa mwilini. Jibu likiwa hilo, madaktari wataangalia matiti, mayai ya uzazi, mapafu na tumbo. Kuangaliwa hakumaanishi kuwa ipo.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kabla ya kisu kuna mambo ya kumaliza, na mengine yanaweza kufanya kisu kisihitajike.

Habari ya ini imenikera, ingawa hainishangazi. Vimeng'enya vile viwili vinavyopimwa watu wanapoambiwa "ini lako lina shida", yaani ALT na AST, havikai kwenye ini peke yake. Msuli nao unavyo. Msuli ukibomoka vinamwagika kwenye damu, karatasi ya majibu inatoka na mishale ya juu, na mgonjwa anaandikiwa dawa za ini wakati ini lake ni zima. Wanaofikishwa kwetu baada ya kupitia njia hiyo ni wengi, watoto kwa watu wazima. Njia ya kujua ni kupima CK, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye msuli, na GGT, kimeng'enya kingine cha ini ambacho msuli haukimwagi. CK ikiwa juu sana na GGT ikiwa ya kawaida, acha kulisumbua ini. Kwa mwanamke, maabara nyingi huweka kikomo cha CK karibu na 200. Mama yako ana 6,200, kama mara 30 ya hapo. Uchovu wa uzee haufanyi hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kinyama, hakikisha damu imepimwa tezi ya shingo, potasiamu na VVU. Tezi iliyolala inaweza kupandisha CK na kulegeza mapaja. Potasiamu ikishuka sana misuli hugoma. VVU vyenyewe vinaweza kuleta uvimbe wa misuli, yaani msuli kuwaka ndani, si uvimbe wa kansa, na zidovudini, dawa ya kupunguza makali iliyotumika sana huko nyuma, inajulikana kwa kuharibu sehemu za chembe za msuli zinazotengeneza nishati. Hivi ni vipimo vinavyopatikana hospitali za Temeke, Amana au Mwananyamala. Hakuna haja ya kuvuka mji.

Halafu kuna ile atovastatini, na hapa ndipo ningeweka nguvu kama ningekuwa daktari wa mama. Watu wengi wanaoumwa misuli kwa dawa za kolesteroli hupata nafuu wiki chache baada ya kuziacha. Wachache hawapati. Kwao dawa huwa imeamsha kinga ya mwili ishambulie kimeng'enya kilekile ambacho dawa inakizuia, kinachoitwa HMGCR kwa kifupi, na kinga hiyo haikomi kwa sababu vidonge vimekwisha. Mgonjwa wa namna hii ni mtu wa makamo au mzee, mapaja na mabega yamelegea, CK ni ya maelfu, na ameacha dawa bila mabadiliko. Sisemi mama ndiye, sijamwona. Ila maelezo yako yanakaa hapo hapo.

Kingamwili hiyo inapimwa kwa damu. Wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya misuli walishakubaliana kwamba mtu mwenye udhaifu, CK ya juu na kingamwili ya HMGCR, au nyingine iitwayo SRP, anaweza kuanzishiwa matibabu bila kukatwa kinyama. Muulize daktari kama damu inaweza kutumwa, hata kama ni nje ya nchi. Damu inasafiri vizuri kuliko msuli. Na atovastatini asirudishiwe na mtu yeyote mpaka hili lijulikane, hata kama kolesteroli imepanda.

Jambo jingine lipo mikononi mwako. Mkalishe mama barazani asubuhi, kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa. Tazama kope za juu, na vifundo vya vidole kwa nje. Vitabu vingi vinasema ugonjwa ule wa ngozi na misuli huleta wekundu na zambarau, lakini picha zake ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu utaona weusi uliozidi, pengine wenye magamba, pengine kope zilizovimba kidogo, na familia nzima husema ni cream imemkataa. Ukiona, piga picha umwonyeshe daktari. Kigezo cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2017 kinaruhusu ugonjwa huo utambuliwe bila kinyama pale dalili za ngozi zinapokuwa za wazi.

Tuseme hayo yote yamefanyika na bado daktari anataka kinyama. Atakuwa na sababu, na mimi nitakuwa upande wake.

Prednisoloni ya duka la dawa: hapana, kwa sasa. Dawa ile hutuliza uvimbe, na ikitumiwa wiki kadhaa huweza kufuta zile alama ninazozitafuta kwenye kioo cha hadubini. Tena ikitumiwa muda mrefu yenyewe huanza kukondesha misuli, halafu tunabaki kubishana kama udhaifu ni wa ugonjwa au wa dawa. Lakini usinielewe vibaya. Akianza kupaliwa na maji, akishindwa kumeza ugali, akikosa pumzi akilala chali, au mkojo ukigeuka wa hudhurungi iliyokolea, mpeleke hospitali usiku huo huo. Hapo daktari anaweza kumwanzishia dawa siku hiyo na kinyama kichukuliwe siku chache baadaye. Mgonjwa hacheleweshwi kuokolewa kwa ajili ya kumfurahisha mtu wa maabara.

Haya, sindano na kisu. Mfaransa Duchenne, yule yule ambaye ugonjwa wa misuli wa watoto wa kiume umepewa jina lake, ndiye aliyebuni chombo cha kuchomoa msuli kwa mtu aliye hai, miaka ya 1860. Wazo likalala karibu karne nzima hadi Msweden Jonas Bergström alipotoa sindano yake mwaka 1962. Ukisikia "sindano" usifikirie ya kuchomea chanjo. Ni bomba la chuma lenye unene wa takriban milimita 5, lina dirisha ubavuni na ndani yake kuna bomba jingine lenye makali. Ngozi inapigwa ganzi, inachanjwa kidogo chini ya sentimita moja, bomba linaingizwa mpaka ndani ya msuli, nyama inaingia dirishani kwa kuvutwa hewa, kisha makali ya ndani yanashuka na kukata. Linaweza kurudishwa mara mbili tatu kupitia tundu lile lile. Kila mara inatoka punje ndogo. Miligramu 100 ni mavuno mazuri. Kuna pia koleo lenye mdomo mdogo wa kung'ata, konkotomu, linalopita kwenye tundu la ukubwa huo huo.

Kupasua ni kukata ngozi sentimita 3 hadi 5, kuachanisha mafuta, kufungua ule utando mgumu unaofunika msuli, na kutoa kipande kwa macho, kama sentimita moja hadi moja na nusu kwa urefu na nusu sentimita kwa upana. Kovu ni kubwa zaidi, maumivu ni ya siku kadhaa. Lakini daktari anaona anachokata, anajua nyuzi zinaelekea wapi, na kipande kinatosha kugawanywa.

Kwa mtoto, au kwa mtu anayehitaji kurudiwa ili kuona kama dawa inafanya kazi, sindano ina faida za wazi. Kwa mama yako, ambaye tunadhani ana ugonjwa wa msuli kuwaka au wa kinga, nachagua kupasua, kwa sababu magonjwa haya huja kwa mabaka. Sehemu moja ya msuli imewaka, sentimita mbili mbele ni nzima. Punje ndogo inaweza kutoka penye uzima na mama akaambiwa hana kitu. Hata hivyo, kama hospitali ya sindano ina mtu aliyezoea na maabara iliyojipanga, na ile ya kupasua ina kisu tu, nenda kwa sindano. Sitasita.

Msuli gani? Daktari mzuri hachagui uliokufa kabisa. Msuli uliokwisha umejaa mafuta na makovu. Nikiutazama naona kwamba vita vilipiganwa, sijui ni kati ya nani na nani. Unaotakiwa ni ule uliolegea kiasi, unaoweza kushindana na mkono wa daktari lakini ukashindwa. Mara nyingi huwa ni msuli wa nje wa paja, na mbadala wake ni wa mbele ya mkono wa juu au wa bega. Kama MRI, ile mashine ya picha za ndani ya mwili, inapatikana na pesa ipo, inaweza kuonyesha palipowaka.

Umesema kipimo cha umeme kilifanywa paja la kulia. Basi kinyama kitoke la kushoto. Zile sindano za umeme huacha vijeraha vinavyofanana sana na ugonjwa tunaoutafuta, na huchukua wiki kadhaa kupona. Liseme hili mwenyewe, kwa sauti, hata kama liko kwenye faili. Mafaili hayasomwi yote. Kwa sababu hiyo hiyo, asikatwe penye msuli uliochomwa sindano au chanjo karibuni. Na kuhusu bega nina la kuongeza: ngozi ya mabegani kwetu inapenda kuota kovu la kuvimba. Kama mama au ndugu zake wana makovu ya namna hiyo, hata lile la tundu la hereni, wakwepe bega.

Siku yenyewe ni fupi. Haihitaji nusu kaputi kwa mtu mzima. Ganzi ya lignokeini inatosha. Ganzi inapigwa kwenye ngozi na mafuta hadi juu ya ule utando, isiingizwe ndani ya msuli utakaokatwa, maana inauharibu. Ndio maana mama atasikia mvuto au mbano wa ghafla pale kipande kinapokatwa. Mwambie mapema. Ukimwambia "hutasikia kitu", akasikia, hatakuamini tena. Daktari asitumie kisu cha umeme karibu na kipande, wala asikibane kwa koleo kubwa, kwani nyuzi zilizoungua au zilizopondwa hazisomeki. Kama anatumia aspirini, klopidogreli au wafarini aseme wiki moja kabla, na asijiachishe mwenyewe. Kama ana kisukari, sukari iwe imetulia. Jioni yuko nyumbani, anatembea polepole. Nyuzi za kushonea kidonda hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Paja likivimba na kukaza usiku ule, au kidonda kikianza kutoa usaha, arudi.

Na sasa lile swali langu la mwanzo.

Thieta zetu zimezoea jambo moja: chochote kilichotolewa mwilini kinadumbukizwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Kwa uvimbe wa kansa ni sawa kabisa. Kwa msuli, kichupa cha fomalini ndicho kinachoua sampuli nyingi kuliko kitu kingine chochote. Sehemu kubwa ya vipimo vya msuli hutegemea vimeng'enya vilivyo hai ndani ya nyuzi. Tunamwaga kemikali juu ya kipande, kimeng'enya kinaibadilisha rangi, na kwa rangi hiyo tunajua uzi huu ni wa aina gani, huu umepungukiwa na nini. Fomalini inavizima vyote. Na hakuna kurudi nyuma. Kipande kikishaingia, kimeingia. Niliwahi kupokea kipande kizuri ajabu, kimekatwa na mkono wa mtu anayejua kazi, kutoka hospitali ambayo sitaitaja, kimeelea kwenye fomalini tangu jana yake. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu: "vimeng'enya vya msuli, tafadhali".

Kipande kinatakiwa kifungwe kwenye kitambaa cha gozi kilicholoweshwa kidogo kwa maji ya chumvi ya hospitali na kukamuliwa. Kidogo. Kikielea kwenye maji ya chumvi kinavimba na kuingiwa na mapengo. Kisha kiingie kwenye kichupa kikavu chenye mfuniko, kichupa kiwekwe kwenye kisanduku cha baridi chenye barafu, bila nyama kugusa barafu. Kikifika maabara ndani ya saa moja ni vizuri sana. Saa chache bado zinavumilika kama baridi ipo. Kisiwekwe kwenye friza ya wodi "ili kisiharibike". Friza hugandisha polepole, maji ya ndani ya nyuzi yanajenga chembe za barafu, na nikikata naona matundu kila mahali.

Sisi maabara tunakigandisha kwa sekunde. Naitrojeni ya kimiminika ina nyuzi 196 chini ya sifuri, ni ile ile inayotumika kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe pale Usa River, Arusha. Ungedhani tunakitumbukiza humo moja kwa moja. Hapana. Naitrojeni ikigusa kitu chenye joto inachemka na kukizungushia blanketi la hewa, kama tone la maji linavyorukaruka juu ya kikaango cha chapati bila kukauka. Blanketi hilo linachelewesha baridi. Kwa hiyo tunaweka kikombe cha kimiminika kingine, isopenteni, ndani ya naitrojeni, isopenteni inapoa hadi karibu nyuzi 150 au 160 chini ya sifuri na kuanza kuganda pembeni, na kipande kinazamishwa humo. Kabla ya hapo tunakisimamisha ili nyuzi zikatwe kwa upana, sio kwa urefu. Kikigandishwa kimelala, nusu ya maswali hayajibiki.

Ukiona kipande kinatosha, omba kigawanywe: kikubwa kigandishwe, kidogo kiingie fomalini, na uzi mwembamba uwekwe kwenye glutaraldehaidi, dawa nyingine ya kuhifadhi, kwa ajili ya hadubini ya elektroni ikihitajika. Ile ya fomalini si bure. Inaonyesha uvimbe, mishipa ya damu iliyowaka, hata mabuu ya minyoo ya tegu yakiwamo. Isiwe peke yake, basi.

Kwa hiyo panga siku. Asubuhi, Jumatatu hadi Jumatano. Ijumaa mchana mtu wa maabara ameshaondoka na kichupa kitalala. Maabara iwe imepigiwa simu jana yake, jina la atakayepokea liwe limeandikwa. Kama upasuaji unafanyika hospitali moja na maabara iko nyingine, tuseme Muhimbili, usitegemee gari litakalokwama Barabara ya Mandela saa sita mchana. Bodaboda ya mtu unayemwamini, na kisanduku cha baridi mapajani, imeokoa sampuli nyingi hapa mjini. Kama kipimo kinakwenda nje ya nchi, kigandishwe hapa hapa kwanza, kisafiri ndani ya barafu kavu. Na ulizia bima mapema: thieta na maabara ni malipo mawili tofauti, na barua ya kukubaliwa moja si ya kukubaliwa zote.

Kipande kikishaganda tunakikata kwa unene wa mikroni 8 hadi 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na kukipaka rangi mbalimbali. Msuli mzima uliokatwa kwa upana unaonekana kama sakafu iliyojaa vigae vyenye pembe, karibu vyote vya ukubwa mmoja, viini vikiwa pembeni. Kwa ugonjwa ule wa atovastatini natarajia kuona nyuzi moja moja zilizopauka, zilizokufa, zimetawanyika katikati ya nzima; zingine zinaliwa na chembe za usafi, zingine changa zinazaliwa upya; na ajabu yake, askari wa kinga ni wachache. Kwa dematomayositisi nyuzi zinazokonda ni zile za ukingoni mwa fungu, katikati zimenona. Kuna uvimbe mwingine wa walio juu ya miaka 50 unaoanza na vidole kushindwa kukunja na mapaja kukonda: huo huacha vishimo vyenye ukingo mwekundu ndani ya nyuzi kwenye rangi ya maabara iitwayo Gomori, na prednisoloni kwa kawaida hauisikii. Tofauti hizo tatu ndizo zinazoamua mama apewe dawa gani na kwa muda gani, na ndizo ambazo duka la dawa haliwezi kukupa. Mishipa ya fahamu ikiwa ndiyo mgonjwa, nyuzi hukonda kwa makundi. Na prednisoloni ya muda mrefu hukondesha aina ya pili ya nyuzi pekee. Hilo linaonekana kwa rangi ya vimeng'enya, kwenye kipande kilichogandishwa.

Kwa wasomaji wenye watoto wa kiume wanaoanguka ovyo, wenye mashavu ya miguu yaliyonona na wanaojisukuma kwa mikono kwenye mapaja wakiinuka: kwenu mambo ni tofauti. CK ikiwa juu sana, ombeni kipimo cha jeni kwa damu kwanza. Protini inayokosekana kwenye ugonjwa wa Duchenne, distrofini, ilitambuliwa mwaka 1987, na leo watoto wengi hupata jibu bila kukatwa. Kinyama kinabaki kwa wale ambao jeni haikusema kitu. Na mtoto wa namna hiyo akipelekwa thieta kwa jambo lolote, mwambieni mtu wa nusu kaputi mapema, maana zipo dawa za usingizi zilizo hatari kwa misuli hiyo.

Ndugu yangu, jitayarishe pia kwa jibu la "msuli wa kawaida". Kwa sababu ya yale mabaka, jibu hilo halifuti CK ya 6,200. Daktari anaweza kutaka mahali pengine, safari hii akiongozwa na MRI, au akaamua kutibu kwa ushahidi mwingine alionao. Fomu ya maabara iandikwe kila kitu: umri, atovastatini na tarehe ya kuacha, CK, paja lililopimwa umeme, dawa zote. Fomu iliyoandikwa "udhaifu" peke yake inanifanya nisome nikiwa nimefumba jicho moja.

Majibu yakitoka, omba nakala ya ripoti nzima, sio mstari wa mwisho tu, na uulize maabara wanahifadhi wapi kipande kilichobaki. Kikikaa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kinaweza kukatwa tena hata baada ya miaka, kikapakwa rangi ambayo leo haipo, bila mama kuguswa paja la pili.